Kutoka Meza ya Hesabu Hadi Meza ya Uwekezaji

Ukitaka kujua ni nani anayezifahamu vizuri bondi zilizomo katika mfuko wa pensheni, usimtafute mwenyekiti wa wadhamini. Mtafute mhasibu ambaye kila mwisho wa mwezi hulinganisha taarifa ya benki na daftari. Huyo anajua tarehe ya kila kuponi, yaani malipo ya riba ya bondi, na anajua ni malipo gani yalichelewa na kwa nini. Lakini siku inapoamuliwa kama bondi nyingine inunuliwe au iachwe, haitwi kikaoni. Hapa Mombasa watu wa namna hii wamejaa, kuanzia mabenki ya Barabara ya Nkrumah hadi kampuni za uwakala wa forodha huko Shimanzi na Kilindini, na wengi wao wanatamani kuvuka upande wa pili. Ushauri wanaopewa karibu kila mara ni mmoja: kasome, ongeza cheti.

Ushauri huo si mbaya, ila unajibu swali dogo na kuliacha lile kubwa. Naandika haya kwa sababu inaniuma kuona vijana wenye akili na bidii wakimaliza akiba yao kwa ada za mitihani, kisha wakirudi kwenye meza ileile bila mtu kuwaeleza kazi ya uwekezaji yenyewe ni ipi na inatofautianaje na ile wanayoifanya sasa.

Safari ya shilingi milioni 50

Tuchukue mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa kampuni moja ya hapa Pwani, wenye shilingi milioni 50 zilizolala tu benki. Wadhamini hawaruhusiwi kwenda kuziwekeza wenyewe wanavyopenda. Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya mwaka 1997 inataka fedha hizo ziwekezwe na meneja wa mfuko aliyesajiliwa, na mali yenyewe itunzwe na mwingine kabisa, yaani benki mtunzaji. Kuna na wa tatu, msimamizi, anayeweka kumbukumbu za wanachama: nani amechanga kiasi gani, nani amestaafu, nani amefariki na warithi wake ni kina nani.

Meneja wa mfuko anatazama mnada wa wiki hii. Serikali inauza bondi ya miaka mitano. Riba inaelekea wapi? Mfumuko wa bei je? Serikali ina njaa ya fedha kiasi gani mwaka huu? Anapima, anashauriana na wenzake, anaamua kununua kwa kiwango fulani cha riba na si chini ya hapo. Hiyo ndiyo ofisi ya mbele, na uamuzi huo huenda umechukua nusu saa.

Kuanzia hapo kazi inahamia ofisi ya nyuma. Maagizo yanaandikwa na kutiwa sahihi na watu wawili, benki mtunzaji inaarifiwa, ombi linaingia kwenye DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu wa kununulia na kutunzia dhamana za serikali, ulioanza mwaka 2023 na kubeba jina la jahazi letu. Matokeo yakitoka, fedha lazima ziwe mahali pake siku ya malipo, ambayo kwa kawaida ni Jumatatu inayofuata. Baada ya hapo riba inaandikwa inavyokusanyika siku hadi siku, na kuponi ikilipwa mtu anahakikisha haikukatwa kodi kimakosa, maana mfuko wa pensheni uliosajiliwa husamehewa kodi kwenye mapato ya uwekezaji wake. Yote haya yakienda sawa hakuna anayeyasemea. Likiharibika moja, simu haziishi.

Katikati ya hizo mbili ipo ofisi ya tatu ambayo wengi huisahau, na kwa maoni yangu ndiyo muhimu kuliko zote kwa mtu anayetaka kuvuka. Ofisi ya kati hupima. Je, dhamana za serikali zimepita asilimia 90 ya mfuko, kiwango ambacho kanuni za pensheni za Kenya hazitaki kivukwe? Hisa za soko zimekaribia asilimia 70? Uwekezaji wa nje ya nchi umepita asilimia 15? Mfuko ulipata faida kiasi gani robo mwaka hii, na faida hiyo imetokana na uamuzi upi? Mtu anayeandika majibu ya maswali hayo hajaamua lolote bado, lakini ameketi mahali ambapo kila uamuzi unapita mbele ya macho yake pamoja na matokeo yake.

Tofauti iko kwenye wakati

Ofisi ya nyuma hushughulikia yaliyokwisha kutokea. Jibu sahihi lipo, ni moja, na kazi ni kulifikia. Ikiwa benki inasema 4,312,600 na daftari linasema 4,321,600, mtu amegeuza tarakimu mahali fulani na lazima apatikane. Ofisi ya mbele hushughulikia ambayo hayajatokea. Hakuna waraka unaoweza kukuonyesha riba ya mwakani. Mhasibu anayekosea mara 10 katika miamala 100 hawezi kudumu kazini, ilhali mchambuzi anayekosea mara 40 katika maamuzi 100 anaweza kuwa miongoni mwa walio bora, ikiwa alipopatia alipata zaidi ya alichopoteza alipokosea.

Hili si jambo dogo la kubadilisha. Miaka ya kulinganisha hesabu humfundisha mtu kunyamaza mpaka nyaraka zote zifike, na kuogopa kosa kuliko kitu kingine chochote. Ni tabia njema sana mahali pake. Ukienda nayo kwenye mahojiano ya kazi ya uwekezaji, inakuangusha. Anayekuhoji anaweza kukwambia, "Haya dada, nikikupa milioni 10 leo utaziweka wapi?" Akisikia orodha ya aina zote za uwekezaji na faida na hasara za kila moja, ameshajua kwamba mbele yake ameketi mtu anayejua somo lakini hajawahi kuamua. Anachotaka kusikia ni msimamo: ningeweka kiasi hiki hapa, kwa sababu hizi mbili, na kitu fulani kikitokea ningebadili mawazo. Hata asipokubaliana nawe ataendelea kukuuliza, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza.

Kwa hiyo swali kubwa ni hili: je, una maoni yako kuhusu bei ya kitu, umeyaandika, na unaweza kuyatetea mbele ya mtu anayekupinga? Cheti kinaweza kukusaidia kuyajenga maoni hayo. Hakiwezi kuwa nayo badala yako.

Kwa nini kuna ukuta

Kabla ya kulalamika kwamba wakubwa hawapendi kuwapandisha watu wa ofisi ya nyuma, inafaa tujue walichokiona wenzao wa nchi nyingine. Nick Leeson alianzia kwenye kazi za kukamilisha miamala, kisha benki ya Barings ya Uingereza ikampeleka Singapore, ambako aliachiwa kufanya biashara na wakati huohuo kusimamia ofisi iliyorekodi biashara hiyo. Aliificha hasara katika akaunti namba 88888. Ilipogunduliwa mwaka 1995 hasara ilikuwa imefika pauni milioni 827, na benki hiyo iliyodumu zaidi ya karne mbili ikauzwa kwa kampuni ya ING kwa pauni moja. Miaka 13 baadaye, Société Générale ya Ufaransa ilipoteza takriban yuro bilioni 4.9 kwa biashara za Jérôme Kerviel. Naye alianza kwenye ofisi za usimamizi wa miamala kabla ya kupewa meza ya biashara, na alijua ukaguzi hufanyika lini na hutazama nini.

Hapa kwetu somo lilikuja kwa njia nyingine. Kampuni ya madalali wa hisa ya Nyaga Stockbrokers ilipowekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2008, wawekezaji wa kawaida walijifunza kwa uchungu kwamba hisa zako ni salama kwa kadiri ya ukweli wa kumbukumbu zinazozihusu. Na kumbukumbu hizo ni kazi ya ofisi ya nyuma.

Mafunzo ya matukio haya kwa mtu anayetaka kuvuka ni mawili. Kwanza, ukihama, achia funguo zote za zamani: haki za kuingia kwenye mfumo wa malipo, mamlaka ya kutia sahihi, nywila ya akaunti ya benki. Usisubiri uambiwe. Omba kwa maandishi zifutwe. Meneja makini akiona barua hiyo atajua amepata mtu wa aina gani. Pili, usione haya kusema ulikotoka. Anayejua mahali pesa zinapoweza kupotea ana thamani kubwa kwenye meza ya uwekezaji, ambako watu wengi hufikiria faida kwanza na kuuliza maswali ya usalama baadaye.

Kinachokosekana ni bei

Mhasibu tayari anajua kusoma mizania. Anajua kampuni inaweza kutangaza faida huku haina fedha ya kulipa mishahara, kwa sababu wadeni wake hawajalipa. Wachambuzi wengi waliosoma vitabu tu huchukua muda kulielewa hilo, nawe unalijua kutokana na kufukuzana na wateja waliochelewesha malipo kwa siku 90. Unalokosa ni uhusiano kati ya kitu na bei yake.

Tuangalie mwaka 2024. Mwezi Januari dola ilifika karibu shilingi 160. Wasiwasi ulikuwa juu ya bondi ya nje ya dola bilioni 2 iliyokuwa ikiiva mwezi Juni. Februari serikali ikauza bondi mpya ya dola bilioni 1.5 ili kununua sehemu kubwa ya ile ya zamani, na mwezi huohuo ikauza bondi ya miundombinu ya miaka minane na nusu yenye riba ya asilimia 18.46. Wasiwasi ukatulia, na kabla ya mwaka kufika nusu dola ilikuwa imerudi karibu 130. Katikati ya mwaka 2025 riba ya bili za Hazina (mikopo ya muda mfupi ya serikali) za siku 91, ambayo mwanzoni mwa 2024 ilikuwa imepita asilimia 16, ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 8.

Mhasibu aliyekuwa ofisini miezi hiyo aliandika miamala yote hii. Aliandika ununuzi wa bondi kwa gharama yake, akaandika riba iliyokusanyika. Lakini bondi ile ilikuwa inabadilika thamani kila riba ya soko iliposhuka. Chukua mfano mwepesi: bondi ya miaka mitano, shilingi 100, inalipa 15 kila mwaka. Riba ya soko ikiwa asilimia 15, bei yake ni 100. Riba ikishuka hadi 13, zile 15 za kila mwaka zinakuwa tamu kuliko zinazopatikana sokoni, na bei inapanda hadi takriban 107.03. Riba ikipanda hadi 17, bei inashuka hadi takriban 93.60. Fanya hesabu hiyo mwenyewe kwenye Excel, kuponi moja moja, mpaka uione ikitokea. Kisha tazama tena: kushuka kwa riba kwa pointi mbili kumeleta faida ya 7.03, na kupanda kwa pointi mbili kumeleta hasara ya 6.40. Havilingani. Ukiongeza miaka ya bondi, namba zote mbili zinakua. Mtu anayeelewa kwa nini iko hivyo ameshaingia katika kazi ya uwekezaji wa bondi, hata kama bado analipwa kama karani.

Na ukitaka kuona uamuzi halisi, fikiria kampuni ya hapa mjini iliyokuwa na dola 100,000 mwezi Januari mwaka ule. Kwa shilingi 160 zilikuwa na thamani ya milioni 16. Kwa 130 zikawa milioni 13. Kuna mtu aliyeamua kuzishika au kuziuza, na mara nyingi hakuwa na cheo cha meneja wa uwekezaji. Alikuwa mkuu wa fedha akizungumza na benki kwa simu.

Mombasa ina nini

Lazima niseme ukweli ulivyo: kampuni nyingi za usimamizi wa mifuko zenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji zina makao yake Nairobi, na soko la hisa liko Nairobi tangu lilipoanzishwa mwaka 1954. Anayetaka kuwa mchambuzi wa hisa za makampuni ajiandae kwamba huenda siku moja atafunga virago.

Lakini uamuzi wa fedha ziende wapi hufanyika Mombasa kila siku. Idara za hazina za kampuni zinazoagiza na kusafirisha bidhaa hushika dola, shilingi na amana za muda. Vyama vya akiba na mikopo vya wafanyakazi wa bandari, walimu na mahoteli vina fedha za ziada ambazo kamati lazima iziweke mahali. Mifuko ya pensheni ya mashirika ya hapa ina sekretarieti zinazowaandalia wadhamini taarifa za kila robo mwaka. Na kuna mnada wa chai, uliohamia hapa kutoka Nairobi mwaka 1969, ambako chai ya nchi nyingi za Afrika Mashariki na Kati hupangiwa bei kwa dola. Madalali wa chai huonja, hupima ubora, hukisia bei ya wiki ijayo, kisha husubiri soko liwahukumu. Kama unafanya hesabu katika kampuni ya chai, kaa karibu na hao watu. Hao hulipwa kwa kuwa na maoni.

Idara ya hazina ndiyo ningeipendekeza kwanza kwa mhasibu asiyetaka kuhama mji. Hapo unaanza na kazi unayoijua, kutabiri fedha zitakazoingia na kutoka wiki nane zijazo, na taratibu unaulizwa: ziada hii tuiweke wapi, kwa muda gani? Hilo tayari ni swali la uwekezaji.

Kuna jambo jingine la hapa ambalo washauri wa Nairobi hulipita. Vijana wengi Waislamu wa Pwani wanataka kazi ya uwekezaji lakini hawataki kushughulika na riba, na karibu kila mfuko wa Kenya umejaa dhamana za serikali. Mlango wao ni mwembamba zaidi, ila upo. Benki ya Gulf African, inayofuata taratibu za Kiislamu, ilianza mwaka 2008, na mwaka 2023 Kenya ikaona sukuk (dhamana ya Kiislamu isiyo na riba) ya Linzi ya shilingi bilioni 3 kwa ajili ya nyumba. Kazi ya kuchambua uwekezaji wa halali ina ufundi wake. Viwango vya AAOIFI, taasisi ya kimataifa inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, kwa mfano, hutazama kama madeni ya riba ya kampuni yamepita asilimia 30 ya thamani yake sokoni, na kama mapato yasiyokubalika yamepita asilimia 5. Nani yuko tayari zaidi kuzipekua hesabu za kampuni mstari kwa mstari kutafuta namba hizo kuliko mhasibu? Kama una elimu ya dini na uhasibu kwa pamoja, hiyo ni akiba ambayo wenzako wengi hawana. Anza kuchuja kampuni zilizoorodheshwa Nairobi, moja baada ya nyingine, na utunze jedwali lako.

Kurasa mbili

Zoezi ninaloliamini kuliko mengine yote ni kuandika maoni ya uwekezaji kwa kurasa mbili, na kuyaandika kabla matokeo hayajajulikana. Chagua kampuni unayoielewa. Mtu wa Mombasa aliyefanya hivi kwa Bamburi Cement mwaka 2024 alijifunza mengi. Hisa ilikuwa ikiuzwa kwa takriban shilingi 45 pale kampuni ya Amsons ya Tanzania ilipotoa ofa ya shilingi 65, iliyoifanya kampuni nzima kuwa na thamani ya takriban shilingi bilioni 23.6. Baadaye akajitokeza Savannah Clinker na ofa ya shilingi 70, kisha kabla ya mwaka kwisha akajiondoa, na Amsons akaendelea.

Hebu fikiria ulikuwa mchambuzi na mteja wako ana hisa 100,000. Auze sokoni leo? Asubiri 65? Asubiri 70? Sabini ni zaidi ya sitini na tano, lakini mnunuzi yupi ana fedha mkononi na yupi bado anazitafuta? Mwenye hisa mkuu, aliyeshika zaidi ya nusu, ameelekea upande gani? Pengo kati ya bei ya soko na bei ya ofa ni kipimo cha wasiwasi wa watu kwamba biashara itavunjika, na mchambuzi lazima aseme kama wasiwasi huo umezidi au umepungua mno. Hakuna jibu lililoandikwa mahali. Kuna hoja tu, nzuri au dhaifu.

Katika kurasa zako mbili weka haya: kampuni inapataje fedha, unaona nini ambacho bei ya sasa haijakizingatia, thamani unayoikadiria pamoja na hesabu zake, na ni tukio gani litakalokuonyesha kwamba umekosea. Kipengele hicho cha mwisho ndicho wengi hukiacha, na ndicho msomaji mzoefu hukitafuta kwanza. Weka tarehe. Baada ya miezi sita rudi uandike chini yake kilichotokea. Maoni kumi ya namna hiyo, pamoja na yaliyoshindwa, yanazungumza kwenye mahojiano kuliko ukurasa wa wasifu wenye mihuri.

Lakini hapa pana hatari kwa mtu wa ofisi ya nyuma, na nataka nilisisitize. Wewe unaona vitu ambavyo umma hauvioni: malipo ya gawio kabla hayajatangazwa, ankara, mikataba. Sheria ya Masoko ya Mitaji inakataza kufanya biashara ya hisa kwa habari za ndani au kumpa mwingine habari hizo. Usiandike maoni juu ya mwajiri wako wala mteja wake. Tumia yaliyotangazwa tu: hesabu za mwaka, matangazo ya soko, takwimu za Mamlaka ya Bandari. Mwaka 2024, kwa mfano, bandari yetu ilipita makasha milioni 2 ya futi 20 kwa mara ya kwanza. Namba hiyo ni ya kila mtu, na mkazi wa Mombasa anajua kuisoma vizuri zaidi, maana anajua makasha hayo yanaishia wapi.

Sasa vyeti

Kama tayari una CPA, yaani cheti cha uhasibu, hujapoteza muda. Kwa Kenya, hatua inayofuata kimantiki ni CIFA, cheti cha wachambuzi wa uwekezaji na fedha cha bodi ya mitihani ya KASNEB, kwa kuwa inagusa sheria na masoko ya hapa, na mitihani ya KASNEB inafanyika Mombasa pia. Tangu Sheria ya Wachambuzi wa Uwekezaji na Fedha ya mwaka 2015, taaluma hii ina taasisi yake, ICIFA, inayosajili wanachama. CFA, cheti kingine cha wachambuzi wa fedha, ni ya kimataifa, ina ngazi tatu, na chini ya nusu ya watahiniwa hufaulu ngazi ya kwanza katika miaka ya karibuni. Taasisi yenyewe hushauri takriban saa 300 za kusoma kwa kila ngazi. Ukifaulu zote bado unahitaji saa 4,000 za kazi, kwa muda usiopungua miezi 36, inayochangia uamuzi wa uwekezaji. Yaani cheti kamili kinakuja baada ya kuvuka, na wengi huambiwa kinyume chake. Ningeanza na ngazi ya kwanza ya mmojawapo, nisimame, nitafute kazi ya kati itakayonivusha, kisha niendelee.

Kuhama kwenyewe

Ni rahisi zaidi kuhama ndani ya taasisi unayofanyia kazi kuliko kubadili mwajiri na kazi kwa wakati mmoja, kwa sababu mwajiri mpya hakujui hata kidogo. Anza kwa kuomba kipande. Taarifa ya utendaji ya robo mwaka ambayo hakuna anayependa kuiandika, iombe. Ukaguzi wa viwango vya uwekezaji, jitolee. Mwambie mkuu wako waziwazi unakotaka kwenda, kwa adabu na mapema, usije ukamfanya aone umemzunguka. Mkuu anayeogopa kukupoteza hukuficha; anayejua utamfundisha mrithi wako kabla ya kuondoka huwa tayari kukusemea.

Jambo la mshahara lazima lizungumzwe nyumbani. Mhasibu mwandamizi anayekuwa mchambuzi mdogo anaweza kushuka mapato kwa mwaka au miwili, na kwa familia nyingi za hapa mshahara huo unasomesha wadogo zako na kununua dawa za wazazi. Mama na baba wanaweza kuona umepoteza cheo. Kaa nao uwaeleze kabla ya barua, si baada. Ikiwa hesabu ya nyumbani haikubali, kazi ya ofisi ya kati mara nyingi hukuwezesha kusogea bila kushuka, na wengine hukaa hapo wakagundua ndiyo kazi waliyokuwa wakiitafuta.

Kuna jambo la mwisho la kiutendaji. Kabla ya siku yako ya kwanza kwenye meza ya uwekezaji, tengeneza orodha ya kila hisa, bondi na mfuko ulio nao kwa jina lako, wa mwenzi wako na wa watoto, pamoja na namba ya akaunti yako ya CDS (akaunti ya kielektroniki inayotunza hisa zako), na uwasilishe orodha hiyo kwa afisa wa uzingatiaji sheria. Kampuni nyingi zitakutaka uombe ruhusa kabla ya kila ununuzi wako binafsi, na nyingine hukuwekea muda ambao huruhusiwi kuuza. Kama uko kwenye chama cha uwekezaji na wenzako mtaani na ndiwe mweka hazina, nacho kitaje, na ikibidi mkabidhi mwenzako daftari kabla hujaanza.